Luigi Broglio: Mtaliano aliyerusha roketi kutoka pwani ya Kenya

Ukikaa nje hapa Robanda usiku usio na mwezi, utaona nukta ya mwanga ikipita kimya kati ya nyota. Mara nyingi hiyo ni setilaiti, na wakati mwingine ni kituo cha anga za juu wanamoishi watu. Wengi wetu tunadhani mambo hayo ni ya Wamarekani na Warusi peke yao. Lakini zamani roketi zilirushwa hapa jirani, baharini karibu na Malindi. Aliyeanzisha kazi hiyo ni Luigi Broglio.

Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 huko Mestre, karibu na Venice, Italia. Alisomea uhandisi, akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Roma na pia ofisa wa jeshi la anga, hadi akafikia cheo cha jenerali. Italia ilikuwa imetoka vitani ikiwa na hali ngumu, na haikuwa na roketi kubwa. Hata hivyo, mwaka 1961 Broglio aliishawishi serikali ikubali mpango wa setilaiti, akaupa jina la San Marco. Wamarekani walikubali kutoa roketi na mafunzo. Tarehe 15 Desemba 1964, timu yake ilirusha San Marco 1 kutoka Marekani.

Lakini yeye alitaka kurushia karibu na ikweta. Kwa nini? Fikiria kijana anayelinda shamba kwa kombeo. Jiwe huenda mbali kwa sababu kamba tayari inazunguka kwa kasi kabla hajaliachia. Dunia nayo inazunguka. Roma inasukumwa kwa kasi ya kilomita kama 1,240 kwa saa, lakini Malindi ni kama 1,670. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki kutoka Malindi, inaondoka na msukumo huo bila kuchoma mafuta ya ziada. Tena upande wa mashariki ni bahari tupu, hivyo vipande vinavyoanguka havimpati mtu.

Basi yakawekwa majukwaa mawili ya chuma baharini, miguu yake ikisimama chini kwenye sakafu ya bahari. Moja lilikuwa la kurushia, la pili la wataalamu wanaoongoza. Tarehe 26 Aprili 1967, San Marco 2 ikapaa. Kati ya mwaka huo na 1988, setilaiti tisa zilirushwa pale.

Iliyopata sifa zaidi ilikuwa ya Wamarekani. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilichunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota, ikabaini vyanzo 339, na ikawasaidia wanasayansi kutambua shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa kiasi kwamba hata mwanga hautoki.

Broglio mwenyewe alibuni kifaa cha kupima hewa nyembamba iliyoko juu sana. Hewa hiyo ni kidogo mno, lakini huvuta vyombo nyuma vikashuka polepole. Ndiyo maana kituo wanamoishi wanaanga lazima kisukumwe juu tena kila baada ya muda. Anayetaka watu wakae angani kwa miaka lazima aijue hewa hiyo.

Broglio alifariki Roma tarehe 14 Januari 2001, akiwa na miaka 89. Kituo cha Malindi kimepewa jina lake. Hakirushi tena setilaiti, ila antena zake bado hufuatilia vyombo vya angani.

Sasa tazama jambo hili. Aprili 2023 Kenya ilipata setilaiti yake, Taifa-1, lakini ilirushwa kutoka California, mbali na ikweta. Broglio alikuja na elimu, akaikuta nafasi ambayo kwao haikuwepo. Nafasi hiyo haijahama. Hata Robanda yetu, iliyo kusini kidogo tu mwa ikweta, inazunguka kwa kasi ileile ya Malindi. Kinachosubiriwa ni watoto wetu wapate elimu aliyokuja nayo yeye. Kwa hiyo mtoto akikuuliza ile nukta inayopita usiku ni nini, usimkatize. Mwambie habari za Malindi.