Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule aliyeifikisha karate Tokyo

Kabla ya karate kujulikana duniani, ilikuwa siri ya kisiwa cha Okinawa, kusini mwa Japani. Gichin Funakoshi alizaliwa huko, mjini Shuri, mwaka wa 1868. Alikuwa mtoto dhaifu. Mchana alifundisha katika shule ya msingi. Usiku alijifunza karate uani kwa mzee Anko Azato, aliyemrudisha kwenye zoezi moja kwa miezi mingi mpaka alimudu.

Mwaka wa 1922, akiwa na miaka 53, alienda Tokyo kuonyesha karate, akikusudia kurudi nyumbani upesi. Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, alimwalika aonyeshe kwake pia. Watu wakataka kujifunza, naye akabaki. Lakini pesa hakuwa nazo. Mwalimu huyo wa heshima alikaa katika bweni la wanafunzi wa Okinawa, akifagia vyumba na kulinda mlango. Bibi yake alikataa kumfuata, kwa sababu hakutaka kuyaacha makaburi ya mababu.

Wanafunzi waliongezeka, wakamjengea jumba la mazoezi, Shotokan. Mwaka wa 1945 mabomu yaliliharibu, na mwaka huohuo mwanawe Gigo, aliyetarajiwa kumrithi, alikufa. Vita vilikuwa vimemfukuza bibi yake kutoka Okinawa mpaka Kyushu. Huko ndiko wawili hao waliishi tena pamoja, mpaka mama huyo alipofariki mwaka wa 1947.

Mzee alirudi Tokyo, akaendelea kufundisha. Alifariki tarehe 26 mwezi wa nne, 1957.