Sidi Mubarak Bombay, mnyapara wa misafara

Watoto wengi wa Etterbeek wanaijua safari ya metro kutoka Merode hadi Parc. Ukishuka Parc na kuvuka bustani, unafika mbele ya Kasri la Mfalme. Mwezi Septemba 1876, Mfalme Leopold wa Pili aliwaita humo wasafiri na wanajiografia wa Ulaya waizungumzie Afrika. Wawili kati ya wageni wake, James Grant na Verney Lovett Cameron, walikuwa wametembea mwendo wa miaka na mtu mmoja ambaye hakualikwa. Mtu huyo ndiye Sidi Mubarak Bombay.

Alizaliwa karibu mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, kwenye mpaka wa Tanzania na Msumbiji wa leo. Alipokuwa na umri wa miaka kama 12 hivi, yaani umri wa baadhi yenu, alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa. Alibadilishwa kwa nguo, akapelekwa Kilwa, kisha Unguja, kisha ng'ambo hadi India. Jina alilopewa na wazazi wake limepotea. Bombay ni jina la mji. Bwana wake alipofariki akawa huru, akarudi Unguja, akajiandikisha askari wa Sultani. Alipewa zamu katika ngome ya Chogwe, karibu na Mto Pangani.

Hapo ndipo Richard Burton na John Speke walipomkuta mwaka 1857. Speke hakujua Kiswahili, lakini alijua Kihindustani, na Bombay alikuwa amejifunza lugha hiyo utumwani. Basi kila neno la Speke lilipita kwa Bombay, likageuka Kiswahili, na mara nyingi likahitaji mtu wa tatu wa kuligeuza tena kwa lugha ya wenyeji. Wazazi mnaowatafsiria bibi na babu kwenye simu mnaijua kazi hiyo: inachosha, na hakuna anayeihesabu kuwa kazi. Mwaka 1858, Burton akiwa amebaki Kazeh, yaani Tabora ya leo, Speke na Bombay walitembea kwenda kaskazini hadi ziwa kubwa ambalo Speke aliliita Victoria. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wanalijua siku zote.

Msafara wa siku hizo ulikuwa kama mji unaotembea. Mbele alikwenda kirangozi na bendera, mtu aliyejua njia na visima. Nyuma yake walifuata wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo kama 30: nguo za merikani, shanga, nyaya. Walikuwepo wapishi, wachunga punda, wakalimani na askari. Shanga zenyewe zilitaka mjuzi, maana kila nchi ilipenda rangi yake. Ukibeba nyeupe unakotakiwa nyekundu, mnalala njaa mkiwa na mali mabegani. Halafu kulikuwa na hongo, ushuru wa kupita katika nchi ya mtemi, na hapo alihitajika mtu mwenye subira na maneno matamu. Hakuna mtu mmoja anayeyaweza yote hayo. Bombay naye hakuyaweza yote. Alichojua ni nani anaweza nini.

Mtazameni rafiki yake Mabruki, ambaye Bombay mwenyewe alimleta katika msafara wa 1857. Burton alimdharau, akamwona mzito wa akili. Lakini Mabruki alichukuliwa tena 1860 na tena 1871, na Stanley alipomjua aliona kwamba Burton alimkosea.

Safari ya 1860 hadi 1863, pamoja na Speke na Grant, ilipita Karagwe, Buganda na Bunyoro hadi Misri. Ndani yake mlikuwa na Baraka, mwenye akili nyepesi na ulimi mkali, aliyeona kwamba uongozi ulikuwa haki yake. Waligombana vibaya. Siku moja Speke mwenyewe alimpiga Bombay kwa kukataa amri ya kuling'oa hema. Bombay aliiacha kazi, kisha akarudi. Watoto watauliza kwa nini alirudi. Mimi nadhani ni kwa sababu ya wenzake, lakini hilo ni wazo langu tu.

Ushahidi mzuri zaidi ni wa mwaka 1871. Henry Morton Stanley alikuja Unguja kumtafuta Livingstone, akamfanya Bombay mkuu wa askari wake. Bombay alizunguka mjini akaleta waungwana 18, watu aliowajua kwamba hawatatoroka, na akajifanya mdhamini wao. Stanley alikuwa na fedha na bunduki, ila hakumjua mtu. Msafara mzima ulikuwa na watu 192, ukagawanywa mafungu matano, na Novemba ile ulifika Ujiji. Njiani Stanley alimlaumu Bombay na kumchapa. Ni kweli kwamba Bombay alipenda pombe, na Cameron pia alilalamika. Lakini Cameron naye alimchukua! Waliondoka Bagamoyo mwaka 1873, wakapita Ujiji na Nyangwe, na mwishoni mwa 1875 wakafika pwani ya Angola. Bombay alikuwa ametembea kutoka bahari moja hadi nyingine.

Mwaka 1876, mwaka uleule wa mkutano wa Brussels, Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha na pensheni. Inakadiriwa kwamba maishani alisafiri zaidi ya kilomita 9,600, nyingi kwa miguu. Alifariki Oktoba 1885, miezi michache baada ya Leopold kuifanya Kongo kuwa mali yake.

Katika Bustani ya Cinquantenaire, hatua chache kutoka Merode, kuna mnara wa 1921 wa kuwakumbuka Wabelgiji waliokwenda Kongo. Sura ya Bombay itafuteni kwingine: katika kitabu cha Speke cha 1863 mna picha iliyochorwa kutokana na fotografia ya Cairo, Bombay akiwa na wenzake waliovumilia hadi mwisho wa safari.