Askofu Frank Weston na Mzigo wa Jirani

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya chama chetu, wanachama watasoma habari za mazao, maghala na mizani. Tumeona yafaa kuweka pamoja na hesabu hizo maisha ya mtu mmoja aliyefariki zamani, ambaye hakuwa mkulima wala hakukaa katika milima yetu ya Uluguru. Tumemchagua kwa sababu alifahamu jambo ambalo ushirika wote umejengwa juu yake: ampendaye jirani kwa moyo mkunjufu hamtakii heri tu kutoka mbali, bali huingiza bega lake chini ya mzigo wa mwenziwe.

Frank Weston alizaliwa London mwaka 1871. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Oxford, akafaulu sana katika elimu ya dini, na angaliweza kupata kazi ya heshima na raha kwao Uingereza. Lakini kwanza alikwenda kutumika miongoni mwa maskini wa mashariki ya London, na mwaka 1898 akaja Unguja pamoja na misheni ya U.M.C.A. Huko alijifunza Kiswahili kwa bidii, akawa mkuu wa chuo cha Kiungani, mahali walipofundishwa vijana wa makabila mengi, Wabondei, Wayao, Wamakua na wengineo. Mwaka 1908 akafanywa Askofu wa Zanzibar. Dayosisi yake ilivuka bahari ikafika Bonde na Masasi, naye aliizunguka kwa miguu, akilala katika vijiji na kusikiliza mashauri ya watu. Mwaka 1911 alianzisha shirika la masista, ambao walifundisha watoto na kuuguza wagonjwa.

Kisha ikaja Vita Kuu ya mwaka 1914. Sisi wa Mlali hatuhitaji kuelezwa mbali habari za vita hiyo, maana mwezi wa Agosti 1916 ilipita hapa hapa. Wapanda farasi wa jeshi la Waingereza waliikamata Mlali, nao Wadachi wakarudi nyuma kuipita milima. Vitabu vingi hutaja majemadari wa vita ile. Wapagazi hawatajwi sana. Lakini palipokosekana reli na njia za magari, kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilichukuliwa kichwani. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake, hata kwa hesabu ya serikali, walizidi 40,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara, homa, njaa na unga usioiva vizuri. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam limebaki kuwa ukumbusho wao.

Unguja nayo ilitakiwa kutoa wapagazi, na watu waliogopa, wala hawakukosa sababu. Askofu Weston hakuwa na uwezo wa kuisimamisha vita, lakini hakukubali kuwaaga watu bandarini na kurudi nyumbani kwake. Mwaka 1916 alisimama mwenyewe kuwaongoza, akapewa cheo cha meja, akavuka nao hadi bara. Alitembea pamoja nao kwa miguu na kuwaangalia katika taabu zao, wakajua kwamba yupo mkubwa mmoja anayewahesabu kuwa watu.

Tena, vita ilipokwisha hakuwasahau. Wadachi walikuwa wamewafunga mapadre na walimu Waafrika wa misheni, wakawatesa, na wengine wakafa. Mwaka 1918 Askofu alitoa kijitabu cha kuyashitaki matendo hayo mbele ya ulimwengu, na Waingereza wenzake wakapendezwa. Lakini mwaka 1919 serikali ya Kenya ilitoa waraka uliowataka maofisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na kila mtu alijua kwamba himizo la mkubwa ni amri. Wakuu kadhaa wa misheni walitaka kazi hiyo iwekewe sheria na mipaka tu. Weston aliikataa kabisa. Mwaka 1920 alitoa kijitabu kingine, safari hii akiwashitaki watu wa taifa lake mwenyewe, akaenda Uingereza kuipigania neno hilo pamoja na wengine. Mwaka 1921 serikali ya London iliagiza kwamba maofisa wasiwatafutie walowezi vibarua.

Hatusemi kwamba alikuwa mtu mpole katika kila jambo. Alikuwa mkali wa mabishano, na mwaka 1913 aliwashitaki maaskofu wenziwe wa Mombasa na Uganda kwa sababu ya kushiriki Meza ya Bwana pamoja na Wakristo wa madhehebu mengine. Wengi walihuzunishwa na ukali huo. Lakini mwaka 1923, alipohutubia mkutano mkubwa wa Wakristo London, aliwaonya watu wa upande wake mwenyewe kwamba ibada yao haina maana ikiwa hawamhurumii Kristo katika maskini. Aliwapima wenzake kwa mizani ile ile aliyowapimia wageni.

Alifariki Hegongo, karibu na Magila, tarehe 2 Novemba 1924, kwa maradhi yaliyoanza na jipu, akiwa na umri wa miaka 53.

Ndugu wanachama na maofisa, somo la maisha haya halituhitaji tuwe maaskofu. Njiani kutoka Mgeta hadi Mlali bado twawaona watu wakishuka na mizigo vichwani. Karani apimaye mazao ya mjane sawasawa na ya mwenyekiti anatenda upendo. Vivyo hivyo wanachama wanaolima shamba la mwenzao aliye mgonjwa, na mjumbe anayesema kweli mkutanoni hata ikiwa inamgusa ndugu yake. Pasipo mambo hayo, chama ni ghala na daftari tu. Yakiwapo, hata mwaka wa mavuno haba hautatutenganisha.