John Barry: Gwiji wa filamu aliyeipa Kenya sauti ya kuazima

Mkazi wa Kibera au Kawangware akitupa macho upande wa kusini magharibi siku isiyo na mawingu, huviona vilima vya Ngong vimejipanga mfano wa vifundo vya ngumi. Kwake yeye, vilima hivyo ni alama tu ya mahali jua linakoelekea kuzama.

Lakini kwa mamilioni ya watu wa ng'ambo ambao hawajawahi kukanyaga Nairobi, vilima hivyo vina sauti. Ni sauti ya fidla nyingi zikipanda polepole, kama ndege ndogo inayopaa juu ya mbuga.

Aliyeitunga sauti hiyo ni John Barry, Mwingereza aliyefariki dunia Januari 30, 2011 katika jimbo la New York, Marekani, akiwa na umri wa miaka 77. Aliacha nyuma tuzo tano za Oscar, na tatu kati ya hizo alizipata kwa filamu zilizopigwa nchini Kenya.

John Barry Prendergast alizaliwa Novemba 3, 1933 mjini York, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, Jack Xavier, alikuwa Mwairishi aliyeanza kazi kwa kuendesha mashine za kuonyeshea filamu enzi za sinema zisizo na sauti, hadi akamiliki majumba kadhaa ya sinema. Mama yake alikuwa mpiga piano.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Barry alilelewa gizani mwa majumba hayo, na alipoacha shule mapema alishika kazi ile ile ya babake. Huko alijifunza jambo ambalo halikufundishwa darasani: kwamba muziki unaweza kumliza mtazamaji kabla mwigizaji hajafungua kinywa.

Alipata mafunzo kwa Francis Jackson, msimamizi wa muziki katika kanisa kuu la York. Hata hivyo, moyo wake ulikuwa kwenye tarumbeta na muziki wa jazi wa Marekani. Alipokuwa akitumikia jeshi nchini Misri na Cyprus, alisomea utunzi kwa njia ya posta chini ya Bill Russo, aliyekuwa ameandikia bendi ya Stan Kenton.

Mwaka wa 1957 aliunda bendi yake, John Barry Seven. Miaka mitatu baadaye alitunga muziki wa filamu kwa mara ya kwanza. Mnamo 1962 aliombwa kuupanga upya muziki wa Monty Norman kwa ajili ya filamu ya kwanza ya James Bond, Dr. No. Ubishi kuhusu nani hasa aliyeutunga ulidumu kwa miaka mingi, hadi mahakama ya London ilipomuunga mkono Norman mwaka wa 2001. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba kati ya 1963 na 1987 Barry alizitungia muziki filamu 11 za jasusi huyo, akichanganya vishindo vya tarumbeta za jazi na upole wa fidla.

Kenya iliingia katika maisha yake kupitia kwa simba. Filamu Born Free ya mwaka wa 1966, inayosimulia jinsi Joy na George Adamson walivyomlea Elsa na kumrudisha porini, ilimpa Barry Oscar mbili kwa mpigo: moja kwa muziki na nyingine kwa wimbo alioutunga pamoja na Don Black.

Mnamo 1981 aliyarudia mapenzi yake ya ujanani. Filamu Body Heat iliigiza zile hadithi za uhalifu za miaka ya 1940, naye Barry akaitungia jazi ya saksafoni iliyojaa joto na hila, kana kwamba imetoka kwenye mojawapo ya majumba ya babake.

Miaka minne baadaye ndipo ulipokuja mtihani mkubwa. Mwongozaji Sydney Pollack alikuwa amepiga nchini Kenya filamu Out of Africa, kuhusu Karen Blixen, Mdenmaki aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong kuanzia 1914 hadi 1931. Pollack alikuwa na wazo la kutumia muziki wa Kiafrika. Barry alilipinga. Kwa maoni yake, hiyo haikuwa hadithi ya Afrika bali kumbukumbu ya mwanamke aliyependa akapoteza, na kumbukumbu hiyo ilikuwa ya Ulaya.

Barry alishinda hoja. Isipokuwa vipande vichache kama wimbo Siyawe, Kenya ya filamu hiyo ilizungumza kwa okestra ya Kizungu, Mozart akiwa pembeni. Mwaka wa 1986 filamu ilitwaa Oscar saba, mojawapo ikiwa ya Barry.

Hakumhadaa mtu, kwani alitangaza wazi kwamba alikuwa akiutungia muziki moyo wa mgeni. Ila walimwengu waliusikia moyo huo wakadhani ni nchi.

Wenye nchi walikuwa na hadithi yao. Shamba la Blixen lilipouzwa, Wakikuyu walioishi humo walikabiliwa na hatari ya kutawanywa. Baada ya Blixen kuwaombea kwa serikali ya kikoloni, walitengewa sehemu ya hifadhi ya msitu wa Dagoretti. Leo hii Dagoretti ndilo eneo ambamo mtaa wa Kawangware umo.

Katika filamu hiyo hiyo kulikuwa na kijana Mkenya aliyeigiza kama Kanuthia. Jina lake liliandikwa Job Seda. Alikuwa mwanamuziki, lakini hakutakiwa kupiga muziki.

Barry aliendelea kupanda ngazi, ingawa mwaka wa 1988 alinusurika kifo baada ya umio wake kupasuka, akafanyiwa upasuaji mara kadhaa na kukaa muda mrefu bila kazi. Aliporejea, filamu Dances with Wolves ya 1990 ilimletea Oscar ya tano. Mnamo 1998 alitoa albamu The Beyondness of Things, muziki wa ala usiohitaji filamu yoyote, na mwaka huo huo akaitungia filamu Playing by Heart jazi tulivu ya tarumbeta, akimkumbuka Chet Baker aliyemhusudu tangu ujana.

Job Seda naye alikuwa amehamia Uingereza, akapiga nyatiti mitaani London na kujulikana kwa jina Ayub Ogada. Mwaka wa 1993 alitoa albamu En Mana Kuoyo, yenye wimbo Kothbiro.

Mnamo 2005 ilitoka filamu The Constant Gardener, ambayo sehemu yake ilipigwa huko Kibera. Muziki wake uliandaliwa na Mhispania Alberto Iglesias. Yeye hakuziba masikio. Alimtafutia Ogada nafasi, na watazamaji wa dunia nzima wakasikia nyatiti na sauti ya Mjaluo akiimba kuhusu mvua.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Barry alicheza kwa watu akatuzwa mara tatu. Ogada, aliyefariki Februari 1, 2019, alicheza kwao akiwa kimya na ikambidi avuke bahari ndipo asikike nyumbani.

Hilo haliupunguzii utamu muziki wa Barry, mtoto wa sinema aliyejua kuugusa moyo kuliko wengi. Linakumbusha tu kwamba vilima vya Ngong vilikuwa na sauti yao kabla ya fidla kufika.