Don Ellis, mpiga tarumbeta aliyehesabu hadi kumi na tisa

Mtajie mtu wa makamo hapa Pwani neno jazz, na huenda akakujibu kwa Morogoro Jazz na gitaa la Mbaraka Mwinshehe. Kwetu neno hilo lilikaa kwenye majina ya bendi za dansi likazoea. Leo nataka kumsimulia mtu wa jazi ya kwao Marekani, bendi kubwa za tarumbeta na saksafoni, ambaye wengi wetu hatukumjua alipokuwa hai. Wasomaji waliokulia karibu na matari na tabla wataona haraka kwa nini nimemchagua.

Donald Johnson Ellis alizaliwa Los Angeles tarehe 25 Julai 1934. Baba yake alikuwa kasisi wa Kimethodisti na mama yake mpiga kinanda wa kanisani. Familia ikahamia Minneapolis, huko baridini, na huko ndiko kijana alikosomea shule ya upili akiwa tayari ana bendi yake. Alikwenda Chuo Kikuu cha Boston akasomea utunzi wa muziki, akamaliza mwaka 1956. Mara akaingia okestra iliyobeba jina la Glenn Miller, Miller mwenyewe akiwa amekwisha kufa siku nyingi. Kisha jeshi likamchukua na kumpeleka Ujerumani, lakini hata huko kazi yake ilikuwa kupuliza tarumbeta katika bendi za wanajeshi.

Aliporudi aliishi New York. Alipiga katika bendi ya Maynard Ferguson, akapiga na Charles Mingus, akawa mmoja wa kundi la George Russell lililotoa santuri ya Ezz-thetics mwaka 1961, pamoja na Eric Dolphy. Hao walikuwa watu wa kuvunja kuta za muziki, na Ellis alikuwa radhi kabisa kuvunja nao. Alitoa santuri zake mwenyewe, mwaka 1962 akapiga Warsaw katika tamasha la Jazz Jamboree, na miaka hiyohiyo akajaribu muziki usio na mpango wowote wa kusomwa. Nasema kwa haki: sehemu ya majaribio hayo ni kazi kuyasikiliza. Ni muziki wa mtu anayetafuta, na anayetafuta hupekua kila kabati.

Alichokuwa akikitafuta alikipata darasani. Mwaka 1964 alirudi Los Angeles kuendelea na masomo katika chuo cha UCLA, akakutana na Hari Har Rao, Mhindi mpiga sitar na tabla, mwanafunzi wa Ravi Shankar. Kwa Rao alijifunza tala, yaani mizunguko ya mapigo ya muziki wa Kihindi. Wawili hao wakaunda kundi la watu sita wakaliita Hindustani Jazz Sextet.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana ndipo penye siri ya mtu huyu.

Jazi ya wakati ule, kama beni zetu za zamani zilizopita mitaani, ilitembea kwa mapigo mawili au manne. Moja, mbili, tatu, nne, kisha unarudi. Anayecheza hahitaji kufikiri, mguu unajua. Mwaka 1959 kundi la Dave Brubeck lilitoa Take Five, wimbo wa mapigo matano uliotungwa na Paul Desmond, na watu wakashangaa. Lakini kile kilikuwa kikundi cha watu wanne. Ellis alitaka kuwafanya watu ishirini, kila mmoja na chombo chake, waruke pamoja kwa mapigo matano, saba, kumi na saba, kumi na tisa.

Atawezaje mtu kuhesabu kumi na tisa huku anapuliza? Jibu la Kihindi ni kwamba hahesabu. Anapanga vifungu vidogo vya mbilimbili na tatutatu, kama mtu anayeshona shanga. Mojawapo ya tungo zake Ellis aliipa jina la tarakimu tupu: 33 222 1 222. Jumlisha mwenyewe: tatu na tatu, mbili tatu mfululizo, moja, kisha mbili tatu tena. Ni kumi na tisa. Jina la utungo ndiyo ramani yake. Ile moja iliyo peke yake katikati ndiyo inayomkwaza anayesikia mara ya kwanza, na ndiyo atakayoingoja kwa hamu mara ya tatu. Jaribu kupiga makofi barazani, bora wakati hakuna anayekutazama.

Kwetu jambo hili si geni kama lilivyokuwa kwa Wamarekani. Waliosoma taarab asilia ya Unguja wanaijua samai, yenye mapigo yake kumi. Na Mombasa, wapenzi wa Juma Bhalo walikwisha kuzoea kusikia mahadhi ya Kihindi yakivikwa maneno ya Kiswahili. Ellis alikuwa anagundua darasani kitu ambacho bahari ilituletea sisi bila ada.

Bendi yake kubwa ilianza kama karakana. Walikutana kufanya mazoezi, na baadaye wakawa wanapiga kila Jumatatu usiku katika klabu ya Bonesville huko Hollywood. Muundo wake haukuwa wa kawaida: wapigaji besi watatu, na wapigaji dramu na ngoma nyingine watatu, huku Ellis naye mara kwa mara akiiweka tarumbeta chini na kushika vijiti. Mpiga dramu wake mkuu alikuwa Steve Bohannon, kijana aliyeyapiga yale mapigo kumi na tisa kama mtu anayetembea kwenda dukani. Bohannon alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1968, kabla hajafika miaka ishirini na mbili.

Wapenzi wa bendi waliandika barua nyingi kuomba ipewe nafasi katika tamasha la Monterey. Ikapewa. Septemba 1966 walipanda jukwaani wakafungua na ule utungo wa kumi na tisa. Umati ulisimama na kushangilia. Kurekodiwa kwa siku ile kukawa santuri, kampuni ya Columbia ikamwita, na mwaka 1967 ikatoka Electric Bath, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Ndani yake mna Indian Lady kwa mapigo matano, Turkish Bath kwa saba na New Horizons kwa kumi na saba. Kwa maoni yangu, asiyemjua Ellis aanze na Indian Lady, maana hata asiyejua kuhesabu atatikisa kichwa.

Jambo la pili ni tarumbeta lenyewe. Kampuni ya Holton ilimtengenezea mwaka 1965 tarumbeta yenye kibonyezo cha nne, ili apate robo ya sauti, zile noti zilizojificha katikati ya vibao vya piano. Huko kwao ilionekana ajabu. Mpiga udi au fidla wa hapa kwetu angecheka, maana bila sauti hizo maqamu ya Rasti na Bayati hayapo. Ellis aliwafundisha hata wapiga tarumbeta wenzake katika bendi, akaliunganisha tarumbeta lake na umeme na mashine ya mwangwi, na akaandika vitabu, kimoja cha midundo mwaka 1972, kingine cha robo za sauti mwaka 1975.

Si kila mtu alipenda. Wapo wakosoaji waliosema ni vioja tu, hesabu imevishwa suti. Mashtaka hayo hayakosi ukweli wote, kwani zipo tungo zake ambazo ukitoa hesabu hubaki na kidogo. Mwaka 1977 bendi ilitoa hata santuri yenye muziki wa filamu ya Star Wars, na hiyo nakushauri uipite. Lakini vioja haviwakusanyi wanamuziki namna ile. Kutoka Bulgaria, nchi ambayo ngoma za vijijini huchezwa kwa saba na kumi na moja tangu enzi, alitoka mpiga piano Milcho Leviev, akaiacha serikali ya kikomunisti nyuma yake, na mwaka 1971 akawa ndani ya bendi ya Ellis. Midundo ambayo Wamarekani walitokwa jasho kuisoma, yeye alizaliwa nayo. Hank Levy, mwalimu wa muziki kutoka Towson, Maryland, naye alimwandikia tungo nyingi ngumu.

Watu wengi walimsikia Ellis bila kujua ni yeye. Muziki wa filamu ya The French Connection, ya mwaka 1971, ile ya askari anayeifukuza treni kwa gari, ni wake, na ulimpa Grammy ya upangaji wa muziki.

Kisha moyo. Katikati ya miaka ya 1970 madaktari walimwambia una maradhi. Mwaka 1975 mapigo yake yalivurugika usiku akaponea chupuchupu. Mtu aliyetumia maisha yake kuvunja mapigo ya kawaida, sasa uhai wake ulitegemea moyo upige sawasawa tu. Tarumbeta hutaka pumzi nyingi na hubana kifua. Akajifunza tromboni ya aina mbili kwa moja, yenye mkono wa kuvuta na vibonyezo, iliyomchosha kidogo, na akarudi jukwaani. Julai 1977 alikuwa Montreux, Uswisi, na bendi nzima. Santuri ya usiku ule haina dalili ya mgonjwa.

Aprili 1978 alipiga mara ya mwisho mbele ya watu, Los Angeles. Baada ya hapo daktari alimkataza safari na tarumbeta. Tarehe 17 Desemba mwaka huohuo alikwenda kumsikiliza mwimbaji Jon Hendricks, akarudi nyumbani North Hollywood, na moyo ukasimama. Alikuwa na miaka 44. Haukupita mwezi, Januari 1979, Mbaraka Mwinshehe naye akafa kwa ajali ya gari huku kwetu Mombasa. Hawakujuana, na sidhani kuna gazeti lolote lililowaweka ukurasa mmoja.

Mwaka 2014 ilitoka filamu iitwayo Whiplash, juu ya kijana anayejifunza dramu mpaka vidole vinatoka damu. Jina hilo ni la utungo wa Hank Levy, wa mapigo saba, uliorekodiwa kwanza na bendi ya Ellis katika santuri ya Soaring mwaka 1973. Vijana wa leo wanauhangaikia mbele ya simu zao, na kila ninaposikiliza wanapokosea, huwa ni kwa sababu wameongeza pigo la nane.