Bernadette na Mwanakondoo Mdogo Kuliko Wote

Wengi wetu tumezoea kumwona Mtakatifu Bernadette Soubirous akiwa amepiga magoti kwenye pango la Massabielle, rozari mkononi. Leo tumtazame miezi michache kabla ya hapo, akiwa malishoni na kondoo.

Bernadette alizaliwa Lourdes, kusini mwa Ufaransa, tarehe 7 Januari 1844. Baba yake, François, alikuwa msaga nafaka. Biashara ilipoanguka, familia iliishia katika chumba kimoja kilichokuwa zamani gereza. Mwaka 1855 Bernadette aliugua kipindupindu, na pumu ilimsumbua hadi kufa kwake. Mwaka 1857, kwa kuwa chakula kilikuwa haba nyumbani, alipelekwa kijiji jirani cha Bartrès kwa Marie Lagües, mama aliyemnyonyesha alipokuwa mchanga. Huko alichunga kondoo.

Katika kundi lile alimpenda zaidi mwanakondoo mmoja, kwa sababu tu alikuwa mdogo kuliko wote. Bernadette alikuwa akijenga altare ndogo malishoni kwa heshima ya Bikira Maria, na mwanakondoo huyo akija kuipiga kichwa na kuibomoa. Inasimuliwa kwamba adhabu aliyompa ni chumvi, kitu ambacho kondoo hukipenda sana.

Siku moja baba yake alimtembelea akamkuta ana huzuni. Baadhi ya kondoo walikuwa na rangi ya kijani mgongoni, alama iliyowekwa na mnunuzi wa mifugo. Baba akamtania kwamba ni majani waliyokula yametokeza juu, na huenda watakufa. Bernadette akaangua kilio, hata baba akalazimika kumweleza ukweli. Mtoto asiyesema uongo hakufikiri kwamba anaweza kudanganywa.

Jioni Marie alimfundisha katekisimu. Ilikuwa kwa Kifaransa, naye Bernadette alijua lugha ya kwao tu, wala hakujua kusoma. Maneno hayakushika, mwalimu akakasirika, mtoto akaonekana mzito wa akili. Kwa kuwa alitamani sana Komunyo ya Kwanza, Januari 1858 alirudi Lourdes.

Tarehe 11 Februari Bikira Maria alimtokea kwa mara ya kwanza kati ya mara 18. Siku kumi baadaye, kamishna wa polisi Jacomet alimhoji, akiyageuza maneno yake makusudi ili amnase. Binti huyo wa miaka 14 alimsahihisha kila mara, bila kuongeza wala kupunguza. Moyo uleule uliowalilia kondoo ulikuwa mbele ya kamishna: haukujua hila.

Alipokea Komunyo ya Kwanza tarehe 3 Juni mwaka huohuo. Mwaka 1866 alijiunga na watawa wa Nevers, akahudumia wagonjwa, akafariki tarehe 16 Aprili 1879 akiwa na miaka 35. Papa Pio XI alimtangaza mtakatifu tarehe 8 Desemba 1933.

Sisi tunaojiandaa kwa utume wa parokia tutakutana na watoto wasioshika maswali na majibu ya katekisimu. Kabla ya kuwaita wazito, tuulize wanazungumza lugha gani nyumbani, na wanampenda nani. Bernadette alimchagua mdogo kuliko wote kundini. Mungu naye alimchagua Bernadette.