Daktari aliyeitupa dawa ya vidonda, akachukua maji ya chumvi

Singida ukiungua jikoni, kabla hujakaa vizuri umeshapakwa kitu. Huyu analeta mafuta ya alizeti, yule asali ya Manyoni, mwingine dawa ya meno. Zaidi ya miaka 80 iliyopita hospitali za Uingereza nazo zilikuwa na dawa yao ya kupaka, na mmoja wa walioipiga vita ni daktari ambaye baadaye alikuwa na shamba hapa hapa kwetu, Kilimanjaro.

Ni Archibald McIndoe. Alizaliwa 1900 Dunedin, New Zealand, akasomea udaktari huko huko, akapitia kliniki ya Mayo Marekani, kisha 1930 akatua London. Kazi aliyoitarajia hakuikuta. Aliyemshika mkono ni binamu yake Harold Gillies, bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile.

Vita vilipoanza 1939 alihamia Hospitali ya Queen Victoria, kwenye mji mdogo wa East Grinstead. Mwaka uliofuata wakaanza kuletwa marubani vijana walioungulia ndani ya ndege, uso na mikono.

Dawa ya wakati ule ilikuwa asidi ya taniki, jamii ya kile kinachotoka kwenye magome ya miwati kule Njombe cha kutengenezea ngozi za ng'ombe. Ukiipaka, kidonda kinafunga gamba gumu. Kwa macho inapendeza: kimekauka, hakivuji. Shida iko chini ya gamba. Usaha unajificha, vidole vinakunjamana na kukakamaa, kope zinavutwa mpaka jicho halifumbi, na jicho lisilofumba linaweza kupofuka. Tena ngozi ya kupandikiza haishiki juu ya kidonda kichafu.

McIndoe akaona jambo: marubani walioangukia baharini walipona vizuri kuliko walioangukia nchi kavu. Akaanza kuwaweka kwenye mabafu ya maji ya chumvi yenye uvuguvugu. Bandeji zinabanduka taratibu bila kung'oa nyama changa, uchafu unatoka, vidole vinachezeshwa humo humo majini. Kisha kidonda kinafunikwa kwa shashi yenye vaselini, isiyogandia, na kikiwa safi ndo anapandikiza ngozi aliyoitoa sehemu nyingine ya mwili. Aliwapigia kelele wakubwa hadi taniki ikaachwa kwa majeraha ya uso na mikono.

(Asali nayo tusiionee. Zipo hospitali duniani zinazoifunga kwenye vidonda, ila ni iliyouliwa vijidudu kwa mionzi, siyo ya dumu la barabarani. Ukiungua, kwanza maji safi ya bomba, dakika 20.)

Alikuwa mkali, hapendi kupingwa. Lakini wodini wagonjwa waliruhusiwa kuvaa sare zao na kutoka kwenda mjini na sura zao zile zile, na wenyeji wakawazoea. Mwaka 1941 waliunda klabu yao, Guinea Pig, yaani wanyama wa majaribio. Hadi vita vinaisha walikuwa 649.

Mwaka 1957 yeye, Michael Wood aliyewahi kufanya kazi chini yake, na Mmarekani Thomas Rees walianzisha huduma ya madaktari wa ndege Afrika Mashariki. Wazo walilijadili Kilimanjaro. Ndiyo Amref ya leo.

Alifariki London tarehe 11 Aprili 1960, akiwa na miaka 59. Majivu yake yamezikwa St Clement Danes, kanisa la jeshi la anga la Uingereza, ingawa mwenyewe alibaki raia muda wote wa vita.